Chakubimbi Alipoonyeshwa Nyumba

Enzi zetu sisi, na msinicheke, maana hata mtu wa miaka thelathini na kitu ana enzi zake, mtoto wa Kiswahili aliyelelewa Minnesota alijulikana kwa harufu. Ukipanda ngazi za jengo letu kule Brooklyn Park, ghorofa ya kwanza ilinukia pilipili ya majirani kutoka Liberia, ya pili ilinukia samaki wa kukaanga, na ya tatu, kwetu, ilinukia mahamri na hiliki. Koti langu la theluji lilinukia mahamri. Begi la shule lilinukia mahamri. Mwalimu wangu aliwahi kuniuliza kama mama yangu ana duka la keki, nikajibu ndiyo, kwa sababu niliona jibu la kweli lingechukua muda mrefu.

Michezo yetu ilikuwa ya ndani. Nje kulikuwa na baridi ya kukusahaulisha jina lako, kwa hiyo tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, koridoni, mimi na kaka yangu Salim na watoto wa majirani, kwa mpira wa soksi aliotutengenezea Baba. Soksi ndani ya soksi ndani ya soksi, na ya nje kabisa ilikuwa ya Baba mwenyewe kwa kuwa ndiyo kubwa. Jirani wa chini alipochoka na vishindo vyetu aligonga dari kwa mpini wa fagio, nasi tukanyamaza kidogo, kisha tukaendelea kwa kunong'ona. Mtoto wa leo ukimpa mpira wa soksi atakuuliza unachajiwa wapi.

Lakini leo sikukaa kitako kusimulia mpira. Nataka kusimulia ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona kwa macho yangu, na aliyeupata alikuwa mnyama mwembamba aliyeuiba mpira huo siku ya kwanza alipoingia kwetu. Kwa Kiingereza wanamwita ferret. Sisi tulisema fereti, na mkimtaka kwa jamaa zake wa nyumbani, basi ni binamu wa kicheche: mwili mrefu kama mkono wa sweta, miguu mifupi, uso wenye kinyago cheusi cha mwizi. Mama alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, na mwenzake mmoja kazini, mama wa Kimarekani aliyeishi jengo la jirani, aliachiwa mnyama huyo na mwanawe aliyejiunga na jeshi. Mama yangu hajui kukataa kitu akipewa kwa mikono miwili. Akarudi nyumbani amebeba tundu.

Baba alimtazama akichunguza viatu, akichunguza mfuko wa unga, akiingia nyuma ya friji na kutokea upande wa pili na utando wa buibui kichwani. "Huyu ni chakubimbi," akasema, "hana shughuli ya watu isiyomhusu." Jina likamganda. Sisi watoto tukalikata, tukamwita Chaku.

Pale Brooklyn Park Chaku alikuwa mfalme. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba viwili na sebule, na yeye aliijua kwa pua kuliko tulivyoijua kwa macho. Kutwa alilala, hata ungemtikisa ungedhani amekufa, na tulipotoka shule aliamka na kuanza ngoma yake. Alikunja mgongo, akarukaruka kiubavu na kinyumenyume, mdomo wazi, akigonga miguu ya meza bila kujali, huku akitoa sauti ya kuku anayetaka kutaga. Duk, duk, duk. Hiyo ndiyo furaha ya fereti, na hakuna mtu aliyeiona akabaki amenuna. Kisha akaiba. Alipenda soksi, funguo, na zaidi ya yote chochote cha mpira, na vyote alivificha nyuma ya kochi katika ghala lake. Baba akikosa ufunguo wa gari asubuhi hakuuliza mtu, alikwenda moja kwa moja nyuma ya kochi.

Tukahama. Baba alipata kazi kwenye kiwanda kule Plymouth, na kabla nyumba haijapatikana tukakaa Burnsville kwa ami yetu, katika besimenti yake, chumba cha chini ya ardhi. Mliokulia besimenti za jamaa mnaijua hali hiyo: dirisha moja dogo juu ukutani, theluji imelifunika, adhuhuri na magharibi hazitofautiani. Tanuri la kupasha nyumba joto liliwaka kwa kishindo na Chaku akaruka na kuingia ndani ya mkono wa koti langu. Siku za mwanzo alilala tu. Manyoya yakamwota mazito, akanenepa, akacheza kidogo. Lakini sote tulilala chumba kimoja, magodoro yamepangwa ukuta kwa ukuta, na harufu zetu zote zilikuwa pale pale alipozoea kuzikuta. Haukupita muda akatoboa tumbo la kochi la ami, akahamishia mali yake humo, na duk duk ikarudi. Mahali padogo palimfaa, hata bila jua.

Hapo Burnsville ndipo Bibi alipotukuta. Alikuja kutoka Mombasa, mama yake Mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na sanduku moja lililofungwa kwa kamba juu ya kufuli. Alipomwona Chaku alipanda juu ya kiti.

"Amina! Kicheche ndani ya nyumba!"

"Si kicheche, Mama. Ni mnyama wa kufugwa, wa watoto."

"Kicheche ni kicheche. Kimenimalizia kuku wangu wawili na jogoo, nitakisahau? Na hapa mwakilaza kochini!"

Salim akajaribu kumweleza. "Bibi, he's friendly. Hawezi ku-bite."

"Mwambie anijibu kwa lugha ya watu," Bibi akamwambia Mama, na mjadala ukaishia hapo.

Basi jamani, dunia ina vituko, maana katika watu wote wa nyumba ile Chaku alimchagua Bibi. Bibi alikuwa na doti ya leso aliyosafiri nayo, nyekundu yenye maandishi Mcheza kwao hutunzwa, na mojawapo akaitandika kwenye godoro lake. Kila Bibi akiamka, Chaku aliingia na kujiviringisha katikati yake. Bibi alimfukuza kwa kandambili. Chaku alirudi. Mama alipotaka kuifua leso, Bibi akamkatalia, akasema sabuni za huku zinafubaza rangi, ataifua mwenyewe akifika kwao. Siku ya kuhama aliikunja na manyoya yake, akaitia sandukuni, akafunga kufuli na kamba.

Nyumba ya Plymouth ilipopatikana, Mama alifanya kile ambacho kila mama wa pwani angekifanya. Hahamii nyumba mpya na uchafu wa nyumba ya zamani. Alifua kila kitambaa, akatupa magodoro yaliyochoka, akasugua tundu la Chaku kwa dawa kali, akamwogesha Chaku mwenyewe kwa shampuu ya Salim, akatupa blanketi alilokuja nalo siku ya kwanza. Kisha akawasha chetezo, akafukiza udi kila chumba, juu na chini, mpaka makabati. Nyumba ikanukia kama peponi. Baba alisimama mlangoni akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi, sasa tuna kwetu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, ina ngazi, ina zulia jipya, na kila mmoja wetu kwa mara ya kwanza alikuwa na mlango wake wa kufunga.

Chaku alitolewa tunduni, akanusa zulia, akarudi tunduni, akajikunja pembeni.

Hakutoka tena. Tulimwita kwa mpira wa soksi, hakugeuza kichwa. Tulimsukuma nje kwa upole, akatambaa tumbo chini ukutani, mkia umesimama manyoya kama brashi ya chupa, akanusa hewa, akakimbilia pembe ya kwanza aliyoiona. Alijisaidia humo humo alimolala, jambo asilowahi kulifanya. Chakula hakukigusa. Jamaa hawa wana matumbo mafupi, hawawezi kufunga hata siku moja kama sisi, na kila nilipomnyanyua nilihisi uti wa mgongo umezidi kuchomoza. Nililia shuleni. Salim alisema ana mafua, lakini nilijua naye analia.

Mama akatupeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimpapasa, akamtazama meno, akamtia maji kwa sindano, kisha akatuuliza kimebadilika nini nyumbani. Mama, kwa fahari zote, akajibu kwamba tumehama na amesafisha kila kitu. Daktari akatabasamu kwa huruma. Akaeleza kwamba fereti haoni mbali, nyumba yake huiweka puani, na huyu amewekwa mahali ambapo hakuna hata kona moja inayomtambua. Hana ugonjwa. Anaogopa, na woga unaweza kumwua. Tujaribu chakula cha majimaji chenye uvuguvugu, tumpe kitu chenye harufu ya zamani, na asipokula hadi kesho tusingoje.

Kitu chenye harufu ya zamani! Tulirudi tukapekua nyumba nzima. Kila nguo ilinukia sabuni, kila chumba kilinukia udi. Mama alikaa ngazini na viganja mashavuni.

"Kesho nikitoka kazini," akasema, "kama hajala, tunamrudisha Brooklyn Park kwa yule mama. Nyumba yake ni kama ile ya kwanza. Angalau ataishi."

Alisema kweli. Nilikaa sakafuni sebuleni, tundu mbele yangu, nikajaribu kuizoea nyumba isiyo na Chaku. Bibi akatokea chumbani kwake. Tangu tuhamie Plymouth alikuwa hatoki ila kwa chakula na udhu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, sanduku miguuni halijafunguliwa, na kila Mama alipomwomba apange nguo kabatini jibu lilikuwa moja: theluji ikiyeyuka narudi kwangu, ya nini kupanga?

Akasimama juu yangu. "Rukia, walia nini?"

Nikamweleza kila kitu, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza na Kiingereza nilipokwama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haijui nyumba," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwani hamkumuonesha?"

Sikuelewa. Akashika kiuno. Kwao, akaniambia, mtoto mchanga akitimiza arobaini haachwi tu, watu wakasema amezoea. Hubebwa, akazungushwa nyumba nzima, akaambiwa hapa ni mlangoni, hapa ni jikoni, hapa utafanya hivi, hapa hutafanya vile. "Mama yako alioneshwa. Mimi nilioneshwa. Na huyu mwamtupa ndani ya moshi wa udi, kisha mwashangaa hali chakula!" Akamtazama Chaku kwa chuki yake ya siku zote. "Kicheche ni kicheche. Lakini kiumbe hakifi njaa nyumba niliyomo mimi."

Akarudi chumbani. Nikasikia kamba ikifunguliwa, kisha kufuli.

Leso ilitoka vile vile ilivyoingia, na manyoya yake na harufu yake ya Burnsville, ya magodoro na mafuta ya nazi na watu waliolala karibu karibu. Bibi aliitandaza sakafuni. Chaku alikuwa hajainua kichwa siku nzima. Akakiinua. Pua ikaanza kucheza. Akatoka tunduni kwa tumbo, akafika kwenye pindo, akaingia katikati na kujiviringisha, na Bibi, aliyekuwa hajawahi kumgusa ila kwa kandambili, akamkunja ndani, akamweka kifuani.

"Bismillahi. Twende."

Akaanza na mlango. "Huu mlango. Ukitoka bila ruhusa baridi itakula, na mimi sitakutafuta." Jikoni: "Hapa jiko. Kuku aliyemo humo si wako." Chooni: "Hapa ndipo watu wanapojisaidia. Nawe una beseni lako la mchanga, si nyuma ya makochi ya watu." Nilimfuata nyuma, na Salim akatoka chumbani kwake akatufuata, na kila chumba Bibi alimsogeza Chaku karibu na ukuta, anuse. Tulipofika chini, kwenye mashine za kufulia, Bibi alisita.

"Hapa ni wapi?"

Nikamwambia. Alikuwa hajawahi kushuka huko. Akauliza mashine gani inafua na ipi inakausha, akaipapasa, kisha ndipo akamweleza Chaku. Juu vilevile, akaniuliza kabati lile la nini, dirisha lile linaangalia wapi, jirani wa upande ule ni nani. Wakati ule niliona anakamilisha kazi tu. Leo nikikumbuka nasikia uchungu na raha kwa pamoja, kwa sababu naona wazi kwamba hata yeye hakuna aliyemzungusha. Tulimpokea, tukampa chumba, tukadhani inatosha.

Mwisho tukafika kwenye chumba chake mwenyewe. Bibi akasimama kizingitini. "Na hapa ni kwangu. Hapa huingii. Umesikia?" Chaku akapiga chafya.

Bibi akachemsha supu ya kuku isiyo na chumvi wala pilipili, huku akilalamika kwamba huo si mchuzi, ni maji ya kunawia. Akachovya kidole. Chaku alikinusa kidole muda mrefu. Akalamba. Bibi akachovya tena. Kufikia wakati Mama anaondoka kwenda kazini asubuhi kibakuli kilikuwa nusu, lakini Mama alishasema neno lake, na nusu kibakuli kutoka kidoleni mwa mtu si kula kwa mwenye nyumba. "Nikirudi tutaona," akasema. Nilikwenda shuleni na moyo mkononi.

Tuliporudi, Mama alikuwa amefika kabla yetu, tundu liko mlangoni tayari, koti lake bado amelivaa. Halina kitu ndani. Tukawa twamtafuta Chaku chini ya kochi, nyuma ya pazia, ndipo tukasikia sauti ya Bibi kutoka juu.

"Mwizi! Mwizi jamani! Kandambili yangu!"

Bibi alikuja akishuka ngazi na kandambili moja, mguu mwingine mtupu. Zilikuwa kandambili za buluu alizokuja nazo kutoka Mombasa, za udhu, za mpira safi. Na chini ya ngazi, nyuma ya boksi ambalo Baba hajalifungua, tukaona mkia. Chaku alikuwa anaburuta kandambili kinyumenyume kwa nguvu zake zote, nayo ni ndefu karibu kumlingana. Pembeni yake palikuwa na soksi ya Salim, kijiko, na mpira wa soksi. Ghala! Alikuwa ameshafungua ghala!

Bibi akainama. Akatazama kandambili, akatazama soksi. Kisha akamgeukia Mama, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Amina, vua koti. Huyu haendi popote. Mgeni haibi, mgeni hukaa kitini akangoja chai. Huyu ameshakuwa wa hapa."

Na akapiga kigelegele, kile cha harusini, cha kuamsha mtaa. Mama akapiga. Mimi sikuwa najua kupiga, nikapiga mayowe. Chaku aliruka kutoka nyuma ya boksi, mgongo umekunjwa, mdomo wazi, akagonga ukuta, akagonga mguu wa Bibi, duk duk duk duk, akicheza sebule nzima katikati yetu. Salim alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye taa. Mtu angepita nje angedhani kuna harusi Plymouth, na hakukuwa na harusi iliyopata shangwe ile. Bibi akaitupa leso mabegani mwangu, akanionyesha maandishi kwa kidole. "Soma," akaniambia. Nikasoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikayaelewa.

Jioni hiyo Bibi alipanga nguo zake kabatini. Theluji iliyeyuka, hakurudi. Ikaanguka tena, ikayeyuka tena. Chumba alichokatazwa Chaku ndicho alicholala mpaka uzeeni, na alipokufa alizikwa uani akiwa amefungwa katika leso ile ile. Leso ni jozi. Nyenzake Bibi alinipa mimi siku aliyorudi Mombasa, ambako yupo hadi sasa, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale.

Nyumba zetu za leo ni nzuri, siwadanganyi. Zina nafasi, na hakuna wa kugonga dari kwa fagio. Mtoto akiingia nyumba ngeni haulizi choo, anauliza Wi-Fi. Vijana nao wanahama leo, kesho wanaizungusha simu chumba hadi chumba ili watu wasiowajua waone jiko lao. Enzi zetu nyumba ilionyeshwa kwa yule atakayelala humo. Huwa naikumbuka korido ile ya Brooklyn Park, na besimenti yenye dirisha lililozibwa, na tulivyolala tukisikilizana pumzi, na kuna siku ningetoa vyumba vyangu vyote nipewe ile.

Mwaka huu nami nimehama. Binti yangu Zuhura, wa miaka mitano, alikaa mlangoni na koti lake, hakutaka kuvua, hakutaka kula. "I want to go home," akaniambia, na kila nilipomjibu kwamba hapa ndipo nyumbani aliinamisha kichwa zaidi. Nikaifungua leso. Nikamfunga mgongoni ijapokuwa ni mzito sasa, nikaanza: huu mlango.

"Mommy, I know what a door is."

Nikaendelea. Hapa jikoni, hapa chooni, hapa mashine, na njiani nikamsimulia Chaku, tangu mpira wa soksi hadi kandambili. Tulipofika chumbani kwangu nikasimama kizingitini, nikamwambia hapa ni kwangu, huingii. Aliteremka mgongoni. Koti akalivua, akala wali.

Asubuhi nilitia mguu chini ya kitanda nikaipata kandambili moja tu. Nikasimama na mguu mmoja mtupu, nikampigia simu Bibi.

"Bibi, nimeibiwa kandambili."

"Yuko wapi mwizi?"

"Namsikia yuwacheka chini ya ngazi."

Kigelegele cha Bibi kilitoka simuni mpaka simu ikakwaruza, na safari hii nilijua kukiitikia.